Toledo, Tulikokuwa Wageni Sote Wawili

Nianze na mume wangu, maana bila yeye nisingeijua Toledo hata kwa jina. Nilimpata Morogoro, enzi zile wapigania uhuru wa Afrika Kusini walipokuwa na makambi na shule zao kule kwetu. Alikuja dukani kwa baba akaomba sabuni ya kuogeshea nguo. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Naye akacheka, hakununa, na wiki iliyofuata akarudi na Kiswahili kilichonyooka kidogo. Haukupita mwaka alikuwa anabishana na wacheza bao wa mtaani kwetu, anawatania, anatukanwa na kutukana, kama mtu aliyezaliwa pale pale.

Alipotaka kunioa akatoa shahada, akapewa jina, sawa. Lakini bwana harusi atakujaje kuposa bila ndugu? Ndugu zake walikuwa Soweto, na siku zile Soweto na Morogoro hapakuwa na kwendeana. Basi wenzake wa kambini wakajitolea. Mmoja akawa baba mdogo, mwingine mjomba, na dada mmoja muuguzi akawa shangazi. Wakaazima makoti, wakakaa mkekani mbele ya wazee wangu, wakajibu maswali ya ukoo bila kupepesa macho. Yule mjomba alikuwa mtu wa Cape Town, Kizulu hakijui hata cha kuombea maji. Mama yangu aliwaona wote walivyo, akanyamaza. Alimpenda yule kijana.

Tulihamia Johannesburg mwaka ule wa uchaguzi wao mkubwa, binti yetu nikiwa bado nambeba mgongoni. Mume akapata kazi ofisini, Braamfontein, tukapanga nyumba Mayfair ili niwe karibu na msikiti. Hiyo ilikuwa huruma yake, siwezi kumnyima. Jumapili ya kwanza tukaenda Soweto kwa mama yake.

Mama mkwe alinipa chai na biskuti kwenye sahani nzuri. Akamuuliza mwanawe maneno mengi kwa Kizulu, na yeye akajibu akiangalia chini. Baadaye garini ndipo akanieleza. Wazee wameuliza ng'ombe wa mahari walipelekwa Morogoro na nani. Kawaambia juu ya baba mdogo, mjomba na shangazi. Wazee wamesikiliza vizuri tu, halafu wamesema wale hawakuwa ndugu. Katika ukoo wao hakuna ng'ombe aliyetoka, na waliokwisha kulala kaburini hawajaambiwa lolote. Kwa hiyo mimi ni mgeni wa mtoto wao, karibu sana, chai ipo.

"Mgeni?" nikamuuliza. "Na huyu niliyembeba mgongoni ni mzigo wa nani?"

"Eish, tulia basi. Mwakani tutatuma watu kwenu. Itakwisha."

Mwakani ikaja, ikaenda, ikaja nyingine. Mara mama yake mgonjwa, mara kaka yake kafiwa, mara ofisini mambo hayajakaa sawa. Mwisho nikaacha kuuliza, kwa sababu kila nikiuliza alikuwa anawasha televisheni.

Na Kiswahili nacho kikakauka nyumbani kwetu. Mwanzo alikuwa anaingia mlangoni anasema, "Bibie, kuna nini jikoni?" Baadaye simu zote Kizulu, mtoto Kiingereza, na mimi naulizwa kwa Kiingereza kile cha ofisini kama umeme umelipwa na kama shati lake la bluu limepigwa pasi. Mtoto naye akanifuata hivyo hivyo. Nasema Kiswahili, ananielewa kila neno, ananijibu kwa Kiingereza, anapanda zake kitandani. Jamani! Nilifika mahali naongea na masufuria. Mayfair Kiswahili kipo, nisidanganye, tele. Wapo Wasomali waliopitia Nairobi, wapo Wakongo wenye saluni, wapo hata Watanzania wenzangu wa kupita. Lakini kile ni Kiswahili cha salamu na cha kupunguziana bei. Siku inaisha sijacheka na mtu.

Niseme wazi nilichokuwa nakitaka, ili mtu asije akafikiri nilikuwa mwanamke wa tamaa. Nilimtaka mume wangu aongee na mimi tena kama alivyokuwa akiongea Morogoro. Basi. Sikumwomba gari wala sofa.

Kwenye duka la nguo la mtaani kwetu palikuwa na kalenda ya misikiti ya kale, kila mwezi picha moja. Mwezi mmoja ilikuwa Hispania, mji wa Toledo, kijengo kidogo cha matofali kwenye mteremko, kina matao yaliyopishana, hakina makuu kabisa. Nilikipenda. Nilipomsindikiza mume kununua suruali nikamwonyesha, nikamwambia tazama msikiti huu, mdogo hata jiko la mama ni kubwa. Akatazama, akasema sharp, sawa ya kwao, tukatoka. Sikujua kama alisikia.

Miezi kadhaa ikapita. Jioni moja tuko mezani, mimi, yeye na binti, akatoa bahasha ya wakala wa safari. Mimi na yeye, ziara ya wiki moja ya Hispania, Madrid kisha Toledo, pamoja na kundi la wastaafu waliokuwa wakijipanga kupitia ofisi moja ya utalii pale Braamfontein. "Hii ni yako," akasema. "Nimetaka ufurahi."

Nilipiga kigelegele mpaka jirani akagonga ukuta. Nikamshika mikono yake yote miwili, nikambusu, nikasema asante baba watoto, asante, Mungu akuzidishie. Binti akaziba uso kwa aibu. Naye mume akatabasamu, akainama akaendelea kula, na mimi nikafikiri anaona haya kwa sababu ya kelele zangu.

Wiki zile za kungoja nilikuwa na hesabu yangu kichwani. Morogoro yeye alikuwa mgeni, mimi mwenyeji, na tulipendana. Johannesburg yeye ni mwenyeji, ana mama, ana kaka, ana watu wa ofisini, na mimi sina kitu, ndiyo maana hanioni. Lakini Toledo! Toledo tutakuwa wageni sote wawili. Hakuna atakayempigia simu kwa Kizulu. Ataongea na nani kama si mimi? Niliwaza hivyo nikiwa napanga khanga zangu kwenye sanduku, na nilikuwa na uhakika kabisa.

Na ikawa. Ndege ilikuwa bado haijaacha mawingu ya Johannesburg, nikasikia mtu anasema, "Mama watoto, hebu nisogezee huo mto." Nikageuka nyuma kutazama ni nani. Alikuwa yeye.

Kundi letu lilikuwa la watu wazima watupu, walimu wastaafu na watu wa benki, karibu wote Wazungu wa Pretoria na Randburg, viatu vya kutembelea vyeupe na kofia. Kwa mbali walituangalia sana mwanzoni, weusi wawili kati yao, halafu wakatuzoea. Bibi mmoja mjane, mwalimu wa muziki wa zamani, alijishikiza kwangu. Kiongozi wetu alikuwa dada wa Kihispania mwenye sauti ya kuamrisha, anatembea mbele na mwavuli wa njano uliofungwa, ameuinua juu, mvua hakuna. Kila asubuhi alituambia neno moja: aliyepoteza mwavuli kapotea.

Alisema kweli. Toledo imejengwa juu ya kilima cha mawe, mto umeizunguka karibu pande zote, na njia zake ni vichochoro vinavyopanda na kushuka na kujikunja mpaka huoni jua. Ukuta huku, ukuta huku, gari dogo likija mnajibandika mlangoni mwa watu. Na maduka! Kila duka panga. Mapanga marefu ya vita, visu, ngao, sanamu za askari waliovaa chuma mwili mzima wamesimamishwa mlangoni kama wauza nguo. Mume akasimama mbele ya moja, akaniambia, "Huku mtu akigombana na mkewe hana haja ya kwenda mbali."

"Na mke je?" nikamwambia. "Duka si la wanaume peke yao."

Akacheka. Wallahi alicheka kile kicheko chake cha dukani kwa baba, mpaka Wazungu wetu wakageuka, na mjane akaniuliza tunacheka nini, nikashindwa kueleza. Alicheka hivyo siku zote zile. Alimkumbuka mjomba wa Cape Town jinsi alivyoulizwa jina la babu yake akataja la mchezaji mpira. Alikumbuka ugali wa mama na mlenda wake, na mbwa wetu aliyekuwa anawafokea watu wa kambini tu na kuwaacha wezi. Mambo mengine mimi mwenyewe nilikuwa nimeyasahau, yeye anayo yote. Kumbe hayajapotea, nikawaza. Yalikuwa yamefungiwa tu.

Alinibebea mkoba. Mezani aliniuliza kama nimeshiba, kama nyama ile nimeihakiki si ya nguruwe, kama nataka chai. Kwenye ngazi alinishika kiwiko. Mjane akaniambia, "Nyie wawili mko kama mmeoana jana." Mwanamke mwenye akili zake angekaa chini akajiuliza. Mimi nilipaka wanja. Nilikuwa naamka mapema nipake wanja kabla hajafungua macho, mimi na umri wangu ule, na nilikuwa nafurahi waziwazi hata kioo kilikuwa kinanicheka.

Siku ya tatu mwavuli ukatupeleka kwenye kile kijengo cha kalenda. Kilikuwa kidogo hata kuliko nilivyofikiri. Dada akaeleza kuwa kilijengwa kuwa msikiti, baadaye kikafanywa kanisa, na sasa si hiki wala kile, watu wanaingia kutazama. Ndani ni nguzo chache na matao, na ukutani juu pamebaki michoro iliyofifia ya watakatifu wao. Wazungu wakapiga picha wakatoka, maana hapakuwa na cha kutazama zaidi. Mimi nikabaki nimesimama. Sikuinua mikono, nisije nikaambiwa nafanya vurugu. Niliificha ndani ya mikono ya koti, nikaomba kimya. Nikasema, Ya Rabi, tukirudi kwetu, huyu mtu asininyamazie tena. Niliomba hilo tu, na nililia kidogo, na kilikuwa kilio cha raha.

Nilipotoka alikuwa ananisubiri. Dada mwenye mwavuli alikuwa ametupa saa ya mapumziko, kila mtu aende atakako, tukutane uwanja mkubwa. Mume akanishika mkono, tukashuka mpaka kwenye ukuta mfupi unaotazama mtoni, tukakaa. Chini maji ya kijani, ng'ambo mawe matupu. Kulikuwa na watalii wengine wengi wanapiga picha. Akaufuta ukuta kwa leso yake kabla sijakaa.

"Mama watoto," akasema. "Nina neno. Nyumbani wameshapeleka ng'ombe."

Moyo wangu uliruka! Hivi ninavyoandika nauona ulivyoruka. Nikamshika goti. "Wamepeleka? Lini? Mbona kaka yangu hajanipigia simu? Au ndiyo mlitaka mnishtue? Jamani, na marehemu mama hakuyaona haya! Sasa wametuma ng'ombe wenyewe au thamani yake, maana Morogoro na Soweto..."

Nilisema mengi. Nilisema nitamnunulia mama mkwe khanga, nilisema sasa ataninywesha chai kwa kikombe cha kila siku. Sijui niliongea muda gani. Nilipomtazama niliona amefumba macho.

"Si Morogoro," akasema.

Sikuelewa. Nilimwuliza si Morogoro ni wapi.

Ndipo akaeleza, pole pole, Kiswahili safi kabisa. Wamepeleka kwa familia moja ya Orlando, hapo hapo Soweto. Mama yake amezeeka, anataka kabla hajafa amwone mke aliyeletwa nyumbani kwa njia yao. Yeye amekataa miaka yote hii, amechoka kukataa. Binti mwenyewe ni mtu mpole, anafanya kazi kwenye maktaba. Mimi hataniacha. Nyumba ya Mayfair ni yangu, mtoto wetu ni mtoto wake, hakuna kitakachopungua. "Na dini yako inaruhusu," akamalizia.

"Dini yangu!" nikasema. "Msikiti uko mwisho wa barabara yetu, tangu tumehamia hujawahi kuukanyaga hata siku ya Idi. Leo ndiyo umeikumbuka dini yangu? Katika yote iliyosema umeshika hilo tu?"

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia nyumbani, mpaka anilete kwenye nchi ya watu.

"Nilitaka nikupoze kwanza," akasema. "Si ndivyo mnavyofanya kwenu? Nilimwona baba yako."

Na ni kweli, alimwona. Kwetu mwanamume akitaka kuongeza mke hamtamkii mke mkubwa kavukavu. Anamletea kitu kwanza, cha kumfuta machozi, ndipo anasema neno. Baba alipooa mke wa pili alimletea mama cherehani, na aliyeibeba begani kutoka stendi ni huyu huyu, mchumba wangu wakati ule, akijua anamsaidia mkwewe mzigo. Mama aliitazama ile cherehani. Akasema asante. Na mke mkubwa akishapokea na kushukuru, kwetu hakuna mzee atakayekaa kusikiliza kesi yake tena. Amepokea, imekwisha.

Ningeletewa cherehani ningejua. Ningeletewa kitanda, bangili, hata sahani za udongo, ningejua, ningeitupa barabarani mbele ya Mayfair nzima. Lakini safari ya ndege? Nani aliwahi kumpoza mke kwa safari? Mimi mtoto wa Morogoro sikuijua mila yangu mwenyewe ilipokuja imefungwa kwenye bahasha ya wakala wa utalii. Nilipiga kigelegele. Nilimbusu mikono.

"Ulisema asante," akaniambia, wala hakusema kwa ubaya. "Mbele ya mtoto. Nikajua umenielewa. Kisha ulivyokuwa unafurahi huku, nikasema, kumbe mke wangu amelipokea vizuri."

Nilimtazama usoni nitafute kama ananidanganya. Hakuwa ananidanganya. Aliamini hivyo, na alikuwa ameona fahari juu yangu siku zote zile tatu.

Nilitaka kupiga kelele. Nilifungua mdomo kabisa. Pembeni yetu mama mmoja wa Kijapani alikuwa anatuomba kwa ishara tusogee kidogo ili apate picha ya daraja, na mume akasogea, akanivuta na mimi, tukasogea. Kelele ikaishia hapo. Halafu saa ikafika na tukalazimika kurudi uwanjani.

Ningekwenda wapi? Nilifikiria kukataa kuondoka pale ukutani. Lakini Kihispania sikijui, njia siijui, tiketi za wote wawili ziko mfukoni mwake. Nikaufuata mwavuli. Dada akatuhesabu kwa kidole, akatikisa kichwa kwamba tumetimia. Kwenye basi mjane akanipa kitu chao cha lozi kilichosagwa na sukari, kitamu, akasema wanakitengeneza watawa. Nikakila chote. Akaniuliza macho yangu yamefanya nini, nikamwambia wanja umeingia.

Siku zilizobaki nilitembea na kundi. Niliona kanisa kuu lao, niliona dhahabu, niliona picha za watu warefu wenye nyuso za njaa. Mume aliendelea kunibebea mkoba. Aliendelea kuongea, nami nilikuwa najibu ndiyo na hapana, na sijui kama aliona tofauti.

Tulirudi. Nilifikiria Morogoro, nilifikiria sana. Baba na mama walikuwa wameshatangulia, kaka ana nyumba ya vyumba viwili na watoto wake, na binti yangu yuko shule ya sekondari, rafiki zake wako Johannesburg, Kiswahili hataki hata kukisikia. Niende nikamwambie nani nini? Ataniuliza, kwani hukupokea? Nikakaa. Harusi ilifanyika Soweto, sikwenda. Walinitumia nyama, mguu mzima, umefungwa kwenye gazeti, ndiyo heshima ya mke mkubwa. Ilikuwa mara ya kwanza ukoo ule kunitumia kitu. Binti yangu akaikaanga akala na mimi nikala.

Miaka imepita. Huja kwangu Jumapili. Anaingia mlangoni anasema, "Bibie, kuna nini jikoni?" na anakaa kwenye kiti kile kile, na anaongea Kiswahili tangu mchana mpaka jioni, Kiswahili chote nilichokililia. Ananisimulia habari za mke wake. Kwamba hapiki, kwamba anamnunia, kwamba mama yake mzazi naye hapatani na yule mkwe aliyemtaka mwenyewe. Mtoto wao wa kwanza alipougua ni mimi aliyenieleza kikohozi chake kilivyo, usiku gani hakulala, daktari kasema nini. Ananiuliza afanyeje. Ananiambia mambo ambayo mwanamume humwambia dada yake.

Ningeweza kumfukuza. Kuna Jumapili naamka nimeshaamua kabisa, maneno ninayo mdomoni. Halafu anaingia, anakaa, na katikati ya habari zake anasema ghafla, unakumbuka mama alivyokuwa akisema tukimaliza chumvi? Na mimi nakumbuka. Katika jiji zima hili hakuna mtu mwingine aliyemjua mama yangu. Basi namwekea chai, nakaa, namsikiliza.